Ua Linalonawiri Chumbani mwa Mvutaji

Katika nyumba nyingi ambamo sigara huvutwa sebuleni, mmea wa ndani uliopo kwenye chungu karibu na dirisha hugeuzwa shahidi. Mvutaji akiombwa atoke nje au walau afungue dirisha, huuonyesha kwa kidole: huu umekaa humu miaka, kila jioni unafukizwa, na majani yake bado ni ya kijani; kama moshi ungekuwa sumu kiasi mnachosema, si ungekuwa umekauka zamani? Mwenye nyumba naye huuita mmea huohuo kuwa shahidi wa upande wa pili. Jani likipiga njano au ua likidondoka kabla ya wakati wake, lawama ni ya sigara. Na wapo wanaojaribu kupatanisha pande hizi mbili kwa kununua vyungu vingine viwili vitatu, wakiamini kwamba majani yatafyonza moshi na hewa itabaki safi. Sura hii inadai kwamba wote watatu wanajikwaa kwenye jambo moja. Wanadhani kinachomdhuru binadamu katika moshi wa sigara ndicho kinachoudhuru mmea, kwa hiyo afya ya mmoja ni kipimo cha afya ya mwingine. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya karne moja unaonyesha vinginevyo: mmea na binadamu huumizwa na vitu tofauti vilivyomo katika moshi uleule, kwa viwango tofauti na kwa njia tofauti.

Moshi wa sigara ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo sana za maji ya lami, na kemikali zilizokwisha kutambuliwa ndani yake ni zaidi ya 7,000. Kwa mwili wa binadamu, mbili kati ya hizo zinajulikana vizuri. Nikotini hujishikiza kwenye vipokezi vya neva na kuzichochea. Monoksidi ya kaboni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu hubeba oksijeni pungufu. Zipo pia zinazosababisha saratani, ambazo idadi yake inafikia 70 hivi. Sasa tazama mmea. Hauna neva, kwa hiyo nikotini haina pa kupiga. Hauna damu, kwa hiyo monoksidi ya kaboni haikuti himoglobini ya kuiteka. Hauna mapafu ya kujazwa lami. Na tusisahau kwamba nikotini yenyewe ni kazi ya mmea: mtumbaku huitengeneza kwenye mizizi, huipandisha kwenye majani, na huitumia kama silaha dhidi ya wadudu. Kinachomtia mvutaji uraibu, kwa mtumbaku ni ulinzi wa shamba.

Wakulima wa bustani walilijua hili kabla ya maabara kulieleza. Katika mabanda ya vioo ya Ulaya, hasa Uingereza, kufukiza tumbaku ilikuwa njia ya kawaida ya kuua vidukari. Jioni madirisha yalifungwa, tumbaku iliyoloweshwa kidogo ikawashwa ifuke bila kuwaka, banda likajaa moshi mzito kuliko wa sebule yoyote, na asubuhi likafunguliwa. Vidukari walikutwa wamekufa chini ya majani, na mimea mingi ikaendelea kukua. Katika karne ya 20 zikaja dawa za nikotini zilizotengenezwa viwandani kwa kazi hiyohiyo, na kisha zikaachwa katika nchi nyingi kwa sababu zilikuwa hatari kwa mfanyakazi aliyezishika. Hapa ndipo hoja ya mvutaji inapovunjika vibaya. Historia ya mabanda ya vioo inathibitisha kwamba mmea unaweza kusimama salama katika hewa inayoua mdudu na kumdhuru mtu. Kwa hiyo kusema kwamba mmea haujafa sebuleni ni kusema jambo la kweli lisilohusu mapafu ya mtu yeyote.

Lakini tusiende haraka tukahitimisha kwamba mmea hauumii. Unaumizwa na gesi moja ambayo mvutaji hata haifikirii, nayo ni ethilini. Hiyo ni hidrokaboni nyepesi, isiyo na rangi, inayozalishwa kila majani, kuni, mkaa, mafuta au tumbaku inapoungua. Kisa chake kilianza mitaani. Katika karne ya 19 miji ya Ulaya iliwashwa taa kwa gesi iliyotokana na makaa ya mawe, nayo ilipitishwa kwenye mabomba yaliyozikwa chini ya barabara. Mabomba yalipovuja, miti iliyopandwa jirani ilipukutisha majani wakati usio wake. Mwaka 1901 mtafiti kijana wa Urusi, Dimitry Neljubow, alikuwa akiotesha njegere gizani katika maabara ya Saint Petersburg, na miche yake ikamshangaza: badala ya kurefuka na kusimama wima, ilikuwa mifupi, imenenepa shina, na ilitambaa kwa ulalo. Alipoihamishia kwenye hewa safi ya nje, ilisimama. Alikagua gesi ya taa iliyokuwa ikivuja maabarani, akachambua sehemu zake moja baada ya nyingine, na akaikuta ethilini ndiyo yenye kosa. Dalili zile tatu, yaani kufupika, kunenepa na kulala, zinatumika maabarani hadi leo kutambua kama mche umekutana na gesi hiyo.

Miaka saba baadaye, Chicago, wakulima wa maua walikuwa na hasara ya aina yake. Kanesheni zilizokuwa zimechanua vizuri ndani ya mabanda zilifunga petali zao kana kwamba zimelala, na hazikufunguka tena. William Crocker na Lee Knight wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 1908 matokeo ya majaribio yao: kanesheni iliyochanua hufunga petali ikikaa saa 12 tu katika hewa yenye sehemu moja ya ethilini kwa sehemu milioni mbili. Kiwango hicho hakiwezi kunuswa. Mtu angekaa bandani siku nzima asihisi lolote, na ua likawa limeshapokea hukumu yake. Huu ndio upande wa pili wa hoja yangu, na ni muhimu sawasawa na ule wa kwanza: kama vile mmea husalimika palipo na hatari kwa mtu, ndivyo pia unavyoweza kuharibika mahali ambapo mtu hana tatizo lolote.

Kwa nini gesi kidogo namna hiyo itoshe? Kwa sababu mmea wenyewe huitumia. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba tunda la tofaa linaloiva hutoa ethilini, na tangu hapo imefahamika kuwa hii ni homoni ya mimea, inayosimamia kuiva kwa matunda, kuzeeka kwa petali, na kukatika kwa majani na maua kwenye kikonyo. Seli za mmea zina vipokezi maalumu vya kuinasa. Msomaji wa Afrika Mashariki ana uzoefu wa hili nyumbani kwake. Anayevumbika ndizi huchimba shimo, hulitandika majani makavu ya mgomba, hupanga mikungu mibichi, huifunika, kisha huingiza moshi kupitia tundu la pembeni. Baada ya siku chache ndizi zimeiva kwa pamoja. Joto husaidia, lakini ethilini iliyomo katika moshi ndiyo inayoziamsha ndizi zianze kutoa ethilini yao zenyewe. Huko Ufilipino wakulima walifukiza miembe ili itoe maua mapema, na Puerto Rico walifukiza mashamba ya mananasi kwa lengo hilohilo, hadi mwaka 1932 ilipoonyeshwa kwamba kazi ile ilifanywa na ethilini. Kumbe moshi haukuwa mgeni kwa mimea hata kidogo. Mmea uliofikiwa na moshi hupokea amri ambayo kwa kawaida ungejipa wenyewe, ila amri hiyo imefika wakati usiofaa: zeeka, dondosha, acha kurefuka.

Swali linalobaki ni la kiasi, na hapa ndipo maandishi mengi kuhusu mimea ya ndani huruka hesabu. Tuifanye. Chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, chenye dari la mita mbili na nusu, kina hewa ya mita za ujazo 30 hivi. Sigara moja hutoa ethilini inayokadiriwa kati ya miligramu 1 na 2. Ikienea yote chumbani bila kutoka, hewa itakuwa na sehemu tatu hadi sita za ethilini kwa sehemu milioni 100. Mimea ya mapambo iliyo laini huanza kuonyesha madhara pale kiwango kinapofika sehemu 10 kwa milioni 100 na kudumu hapo kwa muda mrefu. Kanesheni za Chicago zilihitaji 50 kwa saa 12. Kwa hiyo sigara mbili hadi nne katika chumba kilichofungwa kabisa zinafika kiwango cha kuanza kudhuru, na pakiti ya sigara 20 inavuka kiwango cha Crocker na Knight bila shida. Lakini neno la kuangalia ni hilo, kufungwa kabisa. Hewa ya chumba ikibadilika mara moja kwa saa, baada ya saa moja hubaki kama theluthi tu ya gesi iliyokuwemo, na baada ya saa tatu imebaki kidogo sana. Nyumba ya Tanga au Mombasa yenye madirisha ya nyavu pande mbili hubadilisha hewa haraka kuliko hivyo, na ndani yake ni vigumu moshi wa sigara peke yake uukwamishe mmea. Ofisi yenye kiyoyozi na madirisha yasiyofunguka, chumba cha hoteli, sebule ya Muscat wakati wa joto kali au ya London wakati wa baridi, hizo ni habari nyingine.

Hesabu hiyo inamtaka mlalamikaji naye awe mwadilifu. Jiko la mkaa likiwashwa ukumbini, taa ya chemli, chetezo cha udi kinachofuka jioni nzima, hata sahani ya ndizi mbivu na maembe mezani, vyote hutoa ethilini. Mwenye ua linalodondosha maua anapaswa kuvitazama vyote hivyo kabla ya kumnyooshea mvutaji kidole. Na hata kabla ya hivyo atazame maji na mwanga, kwa sababu majani mengi ya mimea ya ndani hupiga njano kwa kumwagiliwa kupita kiasi au kwa kukaa kona yenye giza. Kusema hivi si kuitetea sigara. Ni kukataa kuigeuza kuwa jibu la kila jani lililoharibika, maana jibu la namna hiyo likishakanushwa mara moja, mvutaji huondoka akiamini kwamba na mengine yote aliyoambiwa ni uzushi.

Kuna mmea mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu, na asili yake ni Tanzania. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani Tanga, alikuta katika milima ya Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau, akaupeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Leo ni miongoni mwa mimea ya ndani inayopendwa zaidi duniani, na wengi wanaoutunza hawajui kwamba ndugu zake wa porini bado wamejishikiza kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara, katika misitu inayozidi kupungua. Shika jani lake moja ulielekeze kwenye mwanga. Limejaa vinyweleo vifupi vyeupe, laini, vilivyosongamana kutoka kikonyo hadi ncha. Vinyweleo hivyo hunasa kila chembe inayotua, na kwa kuwa jani haliwezi kupanguswa kwa kitambaa bila kuumia, kilichonaswa hubaki. Katika chumba cha mvutaji, jani la Saintpaulia hupata wekundu wa kahawia uliofifia, na ukiligusa vidole vinanata. Maua yake nayo hayastahimili ethilini: petali hazinyauki polepole, hukatika zikiwa bado na rangi na kuanguka juu ya majani. Mwenye kuona hayo mawili kwa pamoja, unata juu ya jani na petali mbichi zilizoanguka, ana sababu ya kuushuku moshi.

Unata huo unatuleta kwenye maelezo yanayorudiwa zaidi kuliko yote, kwamba lami huziba stomata, vile vitundu ambavyo jani hupumulia. Maelezo haya ni mepesi kukubalika na ni dhaifu kuliko yanavyoonekana. Chembe nyingi za moshi wa sigara zina upana usiofika mikroni moja, na kitundu kilichofunguka huwa na urefu wa mikroni nyingi, kwa hiyo chembe moja haikizibi. Tena katika mimea mingi ya ndani stomata nyingi ziko upande wa chini wa jani, ambako vumbi hutua kwa uchache. Kinachoweza kutokea kwa miezi na miaka ni kujengeka kwa tabaka linalonata, linaloshika vumbi la kawaida na kupunguza mwanga unaolifikia jani. Kwa mmea ambao tayari uko mbali na dirisha, upungufu mdogo wa mwanga ni upungufu mkubwa wa chakula. Pamba nyeupe iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, ikipitishwa juu ya jani pana la mmea wa chumba hicho, hutoka na doa la manjano ya ugoro. Doa hilo ni la kuhofiwa kwa sababu nyingine, kwamba lililoko juu ya jani liko pia juu ya kiti, pazia na zulia ambalo mtoto anatambaa. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba nikotini iliyoganda juu ya vitu vya ndani hukutana na asidi ya nitrasi ya hewani na kutengeneza kemikali mpya zinazosababisha saratani. Jani huoshwa; zulia haliko hivyo.

Mtu aliyesoma sayansi ya sekondari anaweza kupinga kwa njia nyingine. Mimea hula hewa ya ukaa, sigara inatoa hewa ya ukaa, basi si mmea unalishwa? Hesabu tena. Sigara ina tumbaku isiyofika gramu moja, na ikiungua yote hutoa hewa ya ukaa ya gramu moja na ushei. Mtu aliyekaa kimya hutoa gramu 35 hivi kwa saa kwa kupumua tu. Kwa maneno mengine, mvutaji anaulisha mmea wake zaidi kwa dakika mbili tatu za kukaa karibu nao kuliko kwa sigara nzima, na pumzi haileti ethilini ya kuutia mmea uzee.

Imani kwamba mimea husafisha moshi ina chanzo cha heshima, kwa hiyo inastahili jibu la heshima. Mwaka 1989 Bill Wolverton na wenzake wa shirika la anga la Marekani, NASA, walichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba mimea ya kawaida ya ndani hupunguza benzini, formaldehaidi na triklorowethilini katika visanduku vilivyofungwa. Matokeo yale ni ya kweli kwa visanduku vile. Tatizo ni kuyahamishia sebuleni. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio ya miongo mitatu, wakaigeuza kasi ya usafishaji ya mimea ilinganishwe na hewa inayoingia na kutoka katika jengo la kawaida. Walichopata ni kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi ambayo mzunguko wa hewa unaifanya tayari. Chumba chetu cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu kingehitaji mimea 120 kwa uchache kabisa, na mwenye nyumba asingepata pa kukaa. Dirisha lililofunguliwa kwa robo saa linashinda vyungu vyote vinavyoweza kuenea humo.

Yapo hata hivyo mambo mawili ambamo mmea hupokea kitu kutoka kwa mvutaji, na yote mawili hayapewi nafasi inayostahili. La kwanza ni mimea ya kuliwa. Dirk Selmar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, walichapisha mwaka 2015 utafiti juu ya mnanaa. Mimea mingine iliwekewa tumbaku ya sigara juu ya udongo, mingine ikafukizwa kwa moshi wa sigara, na katika majani ya yote ikakutwa nikotini iliyozidi mno ile inayokuwamo kwa kawaida. Lengo lao lilikuwa kueleza kwa nini chai na viungo vingi vilivyouzwa Ulaya vilikuwa na nikotini, ingawa hakuna aliyevipulizia dawa ya nikotini; kikomo cha sheria huko kwa mazao mengi ni miligramu 0.01 tu kwa kilo. Nani hapa kwetu hajaona chungu cha mnanaa, mrehani au mchaichai kwenye ukumbi ambao ndio mahali pa kuvutia sigara? Mmea wenyewe hautaonyesha dalili yoyote. Utakuwa wa kijani, wenye harufu nzuri, na utachumwa kutiwa katika chai ya mtoto. Hapa afya ya mmea inaficha kile ambacho mlaji angependa kukijua.

La pili ni chungu kugeuzwa kisahani cha majivu. Majivu machache hayana neno, lakini kipisi kina kichungi, na kichungi ni plastiki, yaani selulosi asetati, isiyooza upesi. Dannielle Green wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, alionyesha mwaka 2019 kwamba vipisi vikichanganywa na udongo hupunguza uotaji wa mbegu za klova kwa asilimia 27 na urefu wa miche yake kwa asilimia 28. Kwa nyasi upungufu ulikuwa asilimia 10 na 13. La kushangaza ni kwamba vichungi vya sigara ambazo hazijavutwa vilileta madhara yaliyokaribia hayo. Mvutaji anayetoka nje kwa adabu kisha akazima sigara kwenye chungu cha barazani ameudhuru mmea pengine kuliko yule aliyevutia karibu na dirisha lililo wazi. Na asipodhuru kwa kipisi anaweza kudhuru kwa vidole. Virusi vya batobato ya tumbaku, ambavyo Dmitri Ivanovsky na Martinus Beijerinck walivitambua mwishoni mwa karne ya 19 na ambavyo vilifungua elimu nzima ya virusi, hustahimili kukaushwa na huweza kubaki hai katika tumbaku ya sigara. Kutoka kwenye vidole huhamia kwenye miche ya nyanya, pilipili na petunia kila inapoguswa au kupunguzwa majani, na ndiyo maana wenye vitalu huwataka wafanyakazi wavutaji wanawe kwa sabuni kabla ya kuingia.

Inabaki hoja ambayo naiona nzito kuliko zote. Mmea ule wa mvutaji, tuseme ni sansevieria, uliokaa miaka kumi sebuleni bila kufa, si ushahidi wa aina yoyote? Ni ushahidi, lakini juu ya sansevieria. Majani yake ni manene, yana nta nzito, na stomata zake hufunguka zaidi usiku. Waingereza wa enzi za taa za gesi waliingia katika hali hiyohiyo: sebule zao zilijaa gesi na moshi wa makaa, mimea laini ikafa mmoja baada ya mwingine, na uliosalia hadi ukawa pambo la kila nyumba ni aspidistra, kwa sababu unavumilia karibu kila kitu. Daktari Nathaniel Ward wa London, ambaye moshi wa jiji uliua kangaga zake, aliamua kuzifungia ndani ya visanduku vya kioo, na kitabu chake cha mwaka 1842 kikaeneza njia hiyo. Chumba cha mvutaji nacho hufanya mchujo wa namna hiyo bila yeyote kukusudia. Begonia iliyodondosha maua imeshatupwa, Saintpaulia iliyonata imepewa jirani, ficus iliyobaki matawi matupu imetolewa nje, na kilichobaki kuonyeshwa wageni ni kile kisichokufa. Kuhesabu waliobaki bila kuwahesabu walioondolewa ni kosa, hata kama kila kinachosemwa juu ya waliobaki ni kweli.

Wengine watasema: mbona wanasayansi hutumia mimea kupima uchafuzi wa hewa? Ni kweli, na mfano maarufu kuliko yote ni mtumbaku wenyewe. Aina iitwayo Bel-W3, iliyochaguliwa Beltsville, Maryland, hutokeza madoa majanini inapokutana na ozoni, na imepandwa katika nchi nyingi kama kipimo cha gesi hiyo. Mnyanya mchanga nao umetumika katika mabanda kugundua ethilini, kwa kuwa vikonyo vya majani yake huinama chini gesi hiyo inapokuwepo hata kidogo. Lakini kila mmoja wa mimea hiyo ulijaribiwa kwanza kwa gesi moja inayojulikana, kwa viwango vinavyojulikana, na huulizwa swali hilo moja tu. Mnyanya ukiwekwa sebuleni unaweza kueleza kama kuna ethilini. Juu ya nikotini, monoksidi ya kaboni au chembe za lami hauna la kusema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine, na hakuna hata mmoja wao ambaye jani lingemwokoa kwa kupiga njano mapema. Anayetaka kujua kama moshi umemfikia mtoto wa nyumba hiyo anacho kipimo cha kweli: kotinini, kemikali ambayo mwili hutengeneza unapoichakata nikotini, hupimwa kwenye mate, mkojo au damu, na hukutwa kwa watoto wanaoishi na wavutaji ingawa wao hawajawahi kushika sigara.